Waya wa Aibu

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu nyingi ni za kushindwa. Chapati ikigoma kulainika naitupia kuku. Uzi ukikataa kuingia kwenye tundu la sindano naugombeza kama mtu mzima mwenye akili zake. Mwaka niliofunga ndoa nilifuma kitambaa cha meza, nikakosea mstari mmoja karibu na mwisho, nikakifumua chote mpaka uzi wa kwanza. Nikakianza upya, nikakosea tena, na safari hiyo nikakitia kwenye jiko la mkaa. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni ananitazama. Alisema tu, "Basi tutakula bila kitambaa," akaendelea kunywa chai.

Yeye ni Mhehe wa Igowole, kule Mufindi. Mimi ni Mnyakyusa, nimelelewa na bibi yangu Rungwe, na makazi yetu ni Ilomba, hapa hapa jijini Mbeya. Nafundisha shule ya msingi. Yeye ni fundi wa malori, mtu mpole kupita kiasi, na neno lake kubwa katika maisha ni "nitafanya kesho". Hilo neno msilisahau, maana limetuponza.

Tuna binti mmoja. Alipokuwa darasa la pili alirudi siku moja na jaribio la hesabu za kutoa, zile za kukopa kumi kwa jirani, amepata tatu katika kumi. Hakunionyesha. Nilikuja kuligundua nilipogeuza godoro lake, karatasi imechanwa vipande vidogo vidogo na kila kipande kimekunjwa. Nilipomuuliza alitoa macho, akasema hesabu ni za kijinga, mwalimu ni wa kijinga, na penseli ilikuwa butu.

"Sijui hizi hasira kazitoa wapi huyu mtoto," nilimwambia baba yake.

Baba yake aliitazama ile meza yetu isiyo na kitambaa.

Ndipo nilipomtunga Roboti. Jumamosi mchana huwa tunakaa barazani, mimi na binti yangu, tunapukuchua maharage au tunachambua mchele, na mikono ikiwa na kazi mdomo unakuwa huru. Nikamwambia kwamba kulikuwa na fundi mmoja pale Mbalizi, ana kibanda karibu na soko, aliyeamua kutengeneza roboti wa kumsaidia mama yake kazi za nyumbani. Kichwa akakitengeneza kwa kopo la biskuti. Tumbo ni debe la mafuta ya kula. Miguu ni vyuma vya baiskeli, na kifuani akamfungia taa nyekundu ya nyuma ya pikipiki. Akaunga nyaya zote, moja baada ya nyingine. Waya wa kutembea, waya wa kusikia, waya wa kuhesabu, waya wa kukumbuka. Alipofika kwenye waya wa aibu, waya ukawa mfupi. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, na mama yake anaulizia maji. Fundi akasema potelea mbali, akauacha waya wa aibu unaning'inia, akafunga debe.

"Kwa hiyo Roboti hana aibu?" binti yangu aliuliza.

"Hana hata kidogo. Akikosea anajua amekosea, taa inawaka, lakini haoni aibu. Haufahamu huo mchezo."

"Sasa anafanyaje?"

Hapo nilibana pua kwa vidole viwili, nikasema kwa sauti ya bati: "Nimekosea. Nimeona nilipokosea. Naanza tena."

Alicheka mpaka maharage yakamwagika. Tangu siku hiyo Jumamosi haikupita bila Roboti. Alitumwa kukamua ng'ombe, akaenda akaketi na ndoo chini ya dume, akarushwa kwa teke hadi kwenye shamba la jirani. Akajiokota, akaunga mkono wake, taa ikawaka. Nimekosea. Nimeona nilipokosea. Naanza tena. Alitumwa chumvi wakati wa mvua, akaibeba kwenye karatasi bila kuifunika, akafika na karatasi tupu. Alitumwa maji mtoni akachukua chekeche badala ya ndoo. Aliingia kwaya ya kanisani, akaanza ubeti peke yake wenzake wakiwa bado wanavuta pumzi, kanisa zima likageuka kumtazama, na yeye katikati ya kanisa akawasha taa yake.

Wakati natunga nilidhani namtungia mtoto. Siku moja akaniuliza kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekiona.

"Mama, mbona Roboti akikosea harudi mwanzo kabisa?"

Nikafikiri. Nikamjibu kwamba anaona alipokosea, kwa hiyo anaanzia hapo hapo. Nikakumbuka kile kitambaa nilichokifumua chote kwa sababu ya mstari mmoja. Kitambaa kizuri, rangi ya maziwa. Nilijisikia vibaya kidogo, nikaomba aniongezee maharage kwenye ungo.

Zile hesabu za kukopa alizifanya kwa pua. Akikosea anabana pua, anasema maneno, anarudi kwenye mstari wenyewe. Nikaona mchezo una faida, nikampeleka Roboti darasani kwangu pia, mpaka mwalimu mkuu akapita dirishani akakuta watoto wa darasa la tatu wote wanaongea kwa pua. Aliniita ofisini. Nikamweleza habari za debe la mafuta, na hakunikataza.

Sasa nimlete baba mkwe wangu.

Ni mkulima wa Igowole, ana chai kidogo, parachichi na viazi. Mrefu, mwembamba, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na ana koti la kahawia ambalo sijawahi kumwona bila hilo, ingawa kusema kweli sijawahi kumwona vizuri. Kila baada ya mavuno alikuwa anakuja Ilomba kumwona mwanawe na mjukuu wake. Kazi yake ya kwanza akifika ilikuwa kuomba madaftari ya mjukuu. Anavaa miwani, anapitia ukurasa kwa ukurasa, na pale anaporidhika anatoa kalamu yake mfukoni na kuandika "Vema, Babu" kwa herufi za zamani zilizolala. Binti yangu aliithamini hiyo "Vema, Babu" kuliko vema ya mwalimu yeyote, mimi nikiwemo.

Na mimi katika ziara hizo nilikuwa wapi? Nyuma ya pazia. Bibi yangu alinifundisha kwamba mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni. Mkikutana njiani unaacha njia, unaingia shambani, unampa mgongo mpaka apite. Humtaji jina, huli mbele yake, hukai naye chumba kimoja. Chuki haimo humo hata chembe. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa, unamkwepa kwa sababu ni mkubwa mno kwako. Wanyakyusa wengi wa mjini wamekwisha kuyalegeza haya, na mama yangu mwenyewe huniambia nimepitiliza. Lakini mimi nililelewa na bibi, na miguu yangu ilishajifunza kabla kichwa hakijaulizwa. Kwa hiyo baba mkwe akija, namsalimia kutoka nyuma ya pazia la korido kwa sauti ndogo, chakula napika kizuri, kinapelekwa na mume wangu au mtoto, na mimi nabaki jikoni nasikiliza kama anakisifia.

Huko kwake Igowole mambo ni mengine. Wakwe zake wengine wanamletea maji ya kunawa wenyewe, wanapiga goti, wanakaa naye wanampa habari za watoto na za mashamba, anawatania, wanacheka. Kwake yeye mkwe anayempenda ni yule anayemletea maji ya kunawa. Mila yetu aliwahi kuisikia, ila hakudhani kwamba mwalimu aliyesoma chuo anaweza kuishika. Nilijua anajiuliza. Ndiyo maana kila alipoondoka nilimuuliza mume wangu, "Umemweleza baba lakini?"

"Nitamweleza kesho."

Kesho hiyo ilichukua miaka tisa.

Basi ikafika Jumanne moja ya manyunyu. Nilikuwa nyumbani na mafua makali, nimevaa sweta mbili. Mtoto yuko shule, mume amekwenda Tunduma kwenye lori lililokwama. Nilikuwa napika mbalaga, ndizi zetu za maharage, nikasikia getini salamu ya Kihehe, "Kamwene! Kamwene hapa!" Nikachungulia dirisha la jikoni. Koti la kahawia.

Hakutoa taarifa kwamba anakuja. Nyumba nzima ilikuwa mimi na yeye. Hakuna wa kumkaribisha, hakuna wa kubeba sahani, hakuna wa kukaa naye. Ningekuwa na dakika tano za kufikiri pengine ningefanya jambo la maana. Sikuwa nazo. Nilijikuta nje ya mlango wa nyuma, nakimbia, nimepita kuku, nimepita kamba ya nguo, naelekea kwenye uwazi wa ua wa michongoma unaoingia kwa jirani. Ndara moja ikanasa kwenye tope, nikaiacha.

Na yeye, kwa kuwa hakujibiwa getini, alikuwa amezunguka pembeni mwa nyumba. Aliniona. Aliona mgongo wangu na kanga inapepea. Akadhani nimemdhania mwizi.

"Mwanangu!" akaita. "Usiogope! Ni mimi!"

Nilipojua kwamba ameniona, niliongeza mbio.

Mpango wangu ulikuwa kumtuma mama jirani, Msafwa mmoja mchangamfu, aende akamkaribishe ndani na kumpa chakula. Mama jirani hakuwepo, alikuwa amekwenda sokoni. Nikajibanza nyuma ya banda lake la kuku, nikasubiri arudi. Nikasubiri. Manyunyu yanaendelea. Nikawa nasikia harufu ya mbalaga yangu inaungua kule, kisha harufu ikakoma. Nilikaa pale muda unaotosha kufundisha vipindi vitatu, na kila dakika nilisema sasa naondoka nirudi, na kila dakika iliyopita ilifanya kurudi kuwe kugumu zaidi.

Mama jirani aliponikuta alitua kikapu chini ili acheke vizuri. "Mwalimu! Umekuja kutaga?"

Nilipomweleza aliacha kucheka, akaenda mbio. Akarudi peke yake. Mzee alikuwa ameshaondoka.

Nilirudi nyumbani. Ngazini palikuwa na kikapu cha parachichi, zimefunikwa majani zisipondeke, na jogoo amefungwa miguu. Jikoni sufuria ilikuwa imeepuliwa, imewekwa chini, na mkaa umetolewa. Alikuwa ameingia kuniokolea chakula. Na pale mlangoni, imeoshwa tope, imewekwa sawasawa ikielekea ndani, ilikuwepo ndara yangu. Nililia mbele ya jogoo.

Usiku wake alimpigia mwanawe simu, na mume wangu akanipa maneno kama yalivyo. "Mkeo kaniona, kanikimbia. Mimi si mchawi, si mgambo. Mjukuu wangu mtaniletea huku nimwone. Huko kwenu siji tena."

Hapo mume wangu akaeleza, siku hiyo hiyo bila kungoja kesho. Alieleza yote, bibi, mila, pazia. Mzee akamsikiliza, akasema, "Miaka tisa hukuyasema. Leo ameniacha mvuani ndiyo yamekuwa mila." Akakata simu.

Miezi iliyofuata nilikuwa na hasira na kila kitu chenye uhai Mbeya. Nilimkasirikia mume wangu kwa kesho zake. Nilimkasirikia mzee kwa kuja bila taarifa. Nilimkasirikia bibi yangu, ambaye ni marehemu. Nilimkasirikia mama jirani kwa kwenda sokoni Jumanne. Jogoo tulimla na nikasema ni mgumu. Ningetakiwa kumpigia simu mzee, lakini tangu niolewe sikuwahi kuongea naye kwa simu, na kila nikiishika nasema nitapiga kesho. Nilikuwa nimegeuka mume wangu.

Mavuno yakapita, mzee hakuja. Binti yangu alikuwa ameshapanda darasa la tatu, na hesabu za kutoa amezishinda, tisa katika kumi. Lile daftari hakutaka niliguse. Aliliweka juu ya kabati, limefunikwa na gazeti, linamsubiri babu aandike vema yake. Kila nikifagia chumba naliona. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote. Nilikuwa nimemnyang'anya mtoto wangu babu yake, kwa heshima.

Jumamosi moja nikajaribu kujisafisha kwa njia ya hadithi. Tulikuwa barazani na ungo wetu. Nikasema, siku moja Roboti alimwona mgeni mkubwa anakuja, akakimbia, akajificha nyuma ya banda la kuku.

"Hawezi," binti yangu akasema.

"Hawezi vipi? Hadithi ni yangu."

"Hana waya, mama. Anajifichaje mtu asiye na waya wa aibu? Angekimbia kidogo, taa ingewaka, angerudi."

"Angerudi wapi?"

"Pale pale alipokosea." Alikuwa anapukuchua bila kunitazama. "Roboti asingekaa mpaka babu aondoke."

Sikuwa nimemwambia kwamba nilijificha nyuma ya banda. Mama jirani alikuwa amemwambia, na nadhani mtaa mzima alikuwa amewaambia. Niliinuka nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikaona haya peke yangu kwa muda mrefu.

Nimeufikiria sana huo waya. Sitaki mtoto asiye na aibu. Bibi yangu angemsikia huyu Roboti angenifinya sikio, na angekuwa na haki. Mtu asiyeona haya kabisa anaweza kula chakula cha mgonjwa. Waya nautaka uwepo, tena umeungwa vizuri. Tatizo langu ni kwamba wangu ulikuwa umeungwa moja kwa moja kwenye miguu.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mume wangu alimpeleka mtoto Igowole akakae na babu na bibi yake wiki mbili. Daftari aliondoka nalo. Wa kwenda kumchukua akawa mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa na kazi, au alijifanya ana kazi. Nilipanda basi mpaka Mafinga, nikatafuta gari la Igowole, na njia nzima misonobari na chai zinapita dirishani mimi nafanya mazoezi ya maneno kimoyomoyo. Nilikuwa na hotuba ndefu yenye sehemu kumhusu mume wangu, sehemu kuhusu manyunyu, na sehemu kuhusu watu wanaokuja bila kupiga simu.

Nilifika saa saba mchana. Jua lilikuwa limetoka lakini baridi ya Mufindi ilikuwa pale pale. Mama mkwe alinipokea kwa kunikumbatia, akaninong'oneza, "Yuko nyuma ya jiko, anachonga mpini." Binti yangu sikumwona.

Jiko lao liko nje, limejengwa kwa mabanzi, yale mapande ya kingo za magogo yanayobaki kiwandani, na kati ya banzi na banzi mwanga unapita. Niliingia, nikakaa kwenye kigoda, mgongo wangu kwenye ukuta. Upande wa pili, mkono mmoja kutoka kwangu, nilisikia panga linachonga mti. Nilipogeuza jicho kidogo niliona mstari mwembamba wa koti la kahawia. Nikalirudisha jicho haraka.

"Baba," nikasema. "Shikamoo."

Panga likanyamaza.

"Marahaba."

Hotuba yote ikapotea. Nilitafuta hata sehemu ya manyunyu, sikuiona. Kilichobaki kichwani ni kile kilichosemwa barazani kwangu kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka.

"Nimekosea," nikasema.

Ulimi ukataka kuongeza "lakini na wewe", nikaumeza, na haukumezeka kirahisi.

"Nimeona nilipokosea. Nilikukimbia kwa heshima, Baba, lakini sikukwambia hata siku moja kwamba ni heshima. Nikakuacha kwenye mvua na njaa, na wewe ukaniepulia sufuria na kuniosha ndara." Sentensi ya tatu ikagoma kutoka. Nilikaa na kanga mdomoni, nasubiri panga lirudi kuchonga, ili nijue yamekwisha.

Ndipo nikasikia, kupitia mabanzi, sauti nyembamba ya bati inayotoka puani mwa mzee wa benchi la mbele.

"Ni-me-ko-sea. Ni-me-ona ni-li-po-kosea. Nilimwona mtu anakimbia, sikuuliza kwa nini. Niliambiwa, nikakata simu. Na-anza te-na."

"Babu!" Sauti ya binti yangu ilitoka juu ya rundo la kuni, alikokuwa muda wote. "Babu, taa! Hujawasha taa!"

Nilisikia kofi likipigwa kwenye koti. "Haya, imewaka," mzee akasema kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akaniambia mimi, "Mwanangu, hilo debe lenu limenitesa wiki mbili. Nikipasua kuni vibaya, naanza tena. Nikisahau miwani, naanza tena. Juzi nimegombana na mwenzangu wa kwaya, nikaambiwa nirudi kwake kabla ya kula."

"Ukarudi?" nikauliza ukuta.

"Ningefanyaje? Nilikuwa na njaa."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kazi inayohitaji kanga kubwa. Tuliongea kupitia yale mabanzi mpaka viazi vikaiva, miaka tisa ya habari. Kabla hatujaondoka kesho yake niliona daftari. Chini ya ile tisa katika kumi palikuwa na herufi zilizolala, "Vema, Babu", na pembeni amechora kiduara, amekipaka wino mwekundu.

Baada ya mavuno yaliyofuata alikuja Ilomba. Alipiga simu siku mbili kabla, na tangu kona ya barabara alikuwa anakohoa kikohozi kikubwa kisicho cha ugonjwa, ili nijue umbali uliobaki. Mimi nami nilikuwa na mpango. Nilikuwa nimemuuliza mama yangu, akasema bibi angenielewa. Nitampelekea maji ya kunawa mwenyewe. Kanga kichwani, uso pembeni, lakini mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimefanya mazoezi na mume wangu amekaa kwenye kiti cha mzee, amevaa koti, anajitahidi asicheke.

Muda ukafika. Nikabeba jagi na beseni, nikapita pazia. Nikaona koti la kahawia, la kweli. Miguu ikakumbuka Rungwe. Nilisikia beseni likianguka nyuma yangu, na mimi nikiwa tayari uani, nimepita kuku, nimepita kamba ya nguo. Ndara ikanasa pale pale.

Nikasimama kwenye uwazi wa michongoma. Mama jirani alikuwa kwake, ananitazama. Ndani ya nyumba yangu nilisikia watu wanacheka, mume wangu, binti yangu, kisha kicheko kikaisha na sauti ya mzee ikaja taratibu, ya kawaida, bila pua.

"Anza tena, mwanangu. Mimi sitoki hapa."

Nikang'oa ndara kwenye tope. Nikarudi jikoni, nikajaza jagi upya, nikapita pazia. Nilimwaga maji nimegeuza uso ukutani, na yeye, kumbe, kwa kuniheshimu, alikuwa amegeuza wake dirishani, kwa hiyo maji mengi yaliishia kwenye mkeka. Mikono yake ililowa kidogo tu. Alisema yametosha.